Mwenye Ukuta, Mwenye Wimbi

Neno lililoniponza ni "wa kati". Nilipewa Paje, mashariki ya Unguja, na kijana mmoja aliyekuwa akiwafundisha wageni kupanda mawimbi kwa ubao. Mimi nilikuwa jikoni kwenye hoteli ndogo ya jirani, nikimenya vitunguu na kuwatafsiria Wafaransa waliotaka kujua kama pweza amevuliwa leo au jana. Jioni, vyombo vikishaoshwa, yule kijana aliniazima ubao, nami nikaenda kuanguka. Nilianguka miezi mitatu: upande wa kulia, upande wa kushoto, na mara moja kinyumenyume, kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha siku moja nikasimama, nikahesabu hadi saba kabla bahari haijanikumbuka. Kijana akapiga makofi.

"Sasa si mwanafunzi tena, kaka. Wewe ni wa kati."

Anayeanza hulindwa na woga wake. Fundi hulindwa na ujuzi wake. Wa kati hana mlinzi. Ana cheo tu.

Mwamba wa Paje uko mbali na ufuko. Kati yake na mchanga pana maji yaliyotulia ambamo kina mama hulima mwani, na maji yakipwa unaweza kwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwani siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Mawimbi huvunjikia kule nje. Kijana alinieleza sababu kwa kuchora mchangani: wimbi lina miguu chini ya maji, na likifika mahali ambapo kina kimekaribia kulingana na urefu wake, miguu hukwama huku kichwa kikiendelea mbele. Linajikwaa. Kwenye mchanga hujikwaa leo hapa, kesho pale, maana mchanga huhama. Kwenye mwamba hujikwaa palepale kila siku, kama mlevi na kizingiti cha nyumba yake. Ndiyo sababu wapanda mawimbi wanaupenda mwamba: unajua pa kusubiri.

Mahali penyewe palikuwa na sifa ya kufaa watu wa daraja langu. Ukutani hotelini palibandikwa karatasi ya maelezo kwa wageni: sehemu hii ni ya watu wa kati, maji mafupi, mwamba karibu. Nikaisoma mbiombio, nikajiona nimealikwa. Nilidhani ni ile karibu ya mwenyeji.

Na kweli mwamba ulinikaribisha. Ulinipokea kwa goti, ukanikagua mgongo, na nilipojaribu kusimama ili niage, nikamkanyaga mdudu mweusi wa mviringo mwenye miiba kama nungunungu aliyekosana na mkewe. Kwetu ziwani hatuna kiumbe huyo. Mpishi mkuu akanipaka utomvu wa papai bichi kwenye nyayo, dawa ya watu wa pwani, huku akinikumbusha kwamba ndio huohuo anaoutumia kulainishia nyama ngumu. Kwa siku nne nilitembea kwa visigino, nikinuka kama kitu kinachoelekea jikoni, wala si kwa ajili ya kazi.

Mtu mwenye akili angeachia hapo. Mimi nilipewa ubao wa zamani, futi saba, uliopasuka ubavuni na kuzibwa kwa gundi, nikauchukua kama mtu anayekabidhiwa mahari.

*

Mama alipiga simu Mei 2024. Ziwa limepanda, akasema, na nganda, yaani baa, ya Papa fulani pale chini imezama yote na viti vyake. Mwaka ule Tanganyika iliingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi, Uvira, Bujumbura, na kwetu Baraka, upande wa Kongo, pia. Mito inayomimina humo ni mingi, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua zikizidi, maji hukaa yakisubiri zamu kama watu benki. Nikaomba ruhusa kazini, nikafunga mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa begi moja na ubao.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma nilipanda treni ya Reli ya Kati. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914 bila kujua kwamba miaka 110 baadaye ingembeba mtu wa kati. Ubao nilikuwa nimeuviringishia shuka jeupe la hoteli ili usikwaruzike, nikaufunga kamba sehemu tatu: kichwani, kiunoni, miguuni. Sikuliona kosa langu mpaka nilipowaona wapagazi wa behewa la mizigo wanaupokea kwa mikono minne na kuvua kofia.

Habari husafiri haraka kuliko treni. Kabla ya Morogoro nilikuwa nimeachiwa kiti kizima. Dodoma, bibi mmoja akanipa maandazi na kunishika mkono bila kusema neno. Nilitaka kueleza, lakini kila nilipofungua mdomo mtu alisema, "Usiseme, mwanangu, tunajua," na mimi nilikuwa sijalala tangu jana yake. Tabora wakaanza kuchanga rambirambi. Hapo nikashtuka, nikakataa kabisa kupokea hela, jambo lililowafanya waniheshimu zaidi. Kiti sikukikataa.

"Marehemu ni nani kwako?" akauliza mzee mmoja tulipoiacha Urambo.

Nikafikiri. "Tumekuwa pamoja miezi mitatu," nikasema. Sikusema uongo.

Aibu ilinifika Uvinza. Mtoto mmoja mtundu alikuwa ameteremka kununua chumvi na shangazi yake, akapita kwenye behewa la mizigo na kulipiga shuka kofi. Likalia kama ndoo tupu. Akarudi akipiga kelele kwamba maiti imekauka. Kutoka Uvinza hadi Kigoma nilisimama.

*

Ziwa lile nimelivuka mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1996, mgongoni mwa mama, tukikimbilia Tanzania na kuishia kambi ya Nyarugusu. Mara ya pili nikirudi na meli za wakimbizi waliokuwa wakirejeshwa kutoka Kigoma hadi Baraka, nikiwa na sufuria kichwani na karatasi yenye namba shingoni. Wengine walivuka kwa sababu kubwa zaidi. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965, akaja milima yetu hii ya Fizi kusaidia mapinduzi, akaondoka Novemba mwaka uleule, amekonda na hana mapinduzi. Mimi nilikuwa wa kwanza, nadhani, kuvuka ili nicheze.

Na kwetu, mtu akiona kitu kirefu kimefungwa shuka kinashushwa botini usiku, hafikirii mchezo. Watu walisogea. Ofisa mmoja akaja na tochi.

"Hii iko kitu gani?"

"Iko ubao ya kupanda mawimbi, chefu."

"Kupanda kwenda wapi?"

"Kurudi ufukoni."

"Unatoka wapi?"

"Ufukoni."

Akazima tochi, akaiwasha tena. "Unatoka ufukoni, unaingia ndani ya mayi, ili urudi ufukoni."

"Ndiyo, chefu."

Nimepita mbele ya maofisa wengi maishani. Yule ndiye wa kwanza kunihurumia. Lakini huruma haina mhuri, na kitu kisicho na jina hakiwezi kupita, wakati chenye jina kina kodi yake. Wakakaa watatu kukitafutia jina. Mmoja akasema mlango. Mwingine akasema ni meza ya kupigia pasi, mkewe ameiona kwa masista. Wa tatu, aliyesoma zaidi, akasema kwa kuwa kinaelea basi ni chombo cha majini, na chombo cha majini kinatakiwa kiwe na namba, taa na jaketi za kuokolea.

"Inabeba watu wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Tena si muda wote."

Saa sita za usiku wakaafikiana. Ile karatasi ninayo mpaka leo: meza moja, bila miguu, iliyotumika.

*

Asubuhi nilikwenda ufukoni kutazama mawimbi yangu. Hayakuwepo.

Naona haya kulisema hili, mimi mzaliwa wa pale. Paje nilikuwa nikiwatambia wenzangu kwamba ziwa letu ni bahari isiyo na chumvi, zaidi ya kilomita 670 kutoka Mpulungu kule Zambia mpaka Burundi, kina chake kinapita mita 1,400, na kiangazi upepo wa kusini huvuma humo bila kizuizi na kuinua mawimbi yanayozamisha boti. Yote kweli. Nilisahau kwamba Baraka iko ndani ya ghuba. Rasi ya Ubwari imenyooka kwenda kaskazini kama mkono wa kaka mkubwa anayemkinga mdogo wake na makofi, na upepo wote wa kusini huupokea yeye kwenye bega la nje. Huku ndani sisi tunapata maji laini ya kufulia nguo. Mungu angetaka kuchagua mahali pasipofaa kabisa kwa ubao wangu, angetumia ramani ya Fizi.

Ghuba hiyo kwenye vitabu inaitwa ya Burton, Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1858 na mwenzake Speke, wakiutafuta mto utokao kaskazini mwa ziwa, na huo ni Rusizi, ambao kwa bahati mbaya yao unaingia. Ubwari waliudhani ni kisiwa. Burton alikuwa na ulimi uliojaa vidonda, Speke macho yalikuwa yakimsumbua. Na katika safari zake za ziwa lilelile, usiku mmoja, mbawakawa mdogo alimwingia Speke sikioni. Akajaribu kumwaga siagi iliyoyeyushwa. Ilipokataa, akachukua kisu cha mfukoni akaanza kumchokonoa. Mdudu alikufa, sikio nalo likafuata njia hiyohiyo. Huyo nami tungeelewana. Hakuwa mjinga wa kukaa kimya wala daktari wa kujua la kufanya. Alikuwa wa kati, na kisu mkononi.

Basi nikakaa. Juni, Julai, Agosti. Kila asubuhi nilichukua ubao hadi ufukoni, nikauweka chini, nikatazama maji, nikaurudisha. Mama hakusema kitu, ila alianza kunipunguzia ugali. Shangazi yangu, muuza ndagala, ndiye aliyekiona kile kitu kwa jicho la biashara: cheupe, laini, kimeinuka pembeni kidogo, maji hayatuami. Siku moja nilirudi kutoka Fizi mjini, safari ya pikipiki inayokuacha mwekundu wa vumbi mpaka ndani ya masikio, nikaukuta ubao umetandazwa ndagala juu yake kutoka ncha hadi mkia, zimepangwa kama wanajeshi.

"Shangazi!"

"Zinakauka siku moja mbele ya zile za mchangani," akasema. "Na hazina mchanga. Hii meza umeileta nzuri."

Harufu ile haikutoka tena. Niliisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya kipande. Kuanzia siku ile kila nilikopita na ubao nilifuatwa na paka wawili na kunguru mmoja, kama msafara wa mheshimiwa wa ngazi ya chini.

*

Kwa kawaida ziwa letu hupanda hadi Mei, kisha kiangazi hushuka polepole mpaka mwisho wa Oktoba. Kwa hiyo wakati mimi natazama juu kutafuta upepo, jambo la maana lilikuwa likitokea chini. Oktoba mvua za kwanza zikaja na upepo wa kaskazini, na kaskazini ndiko mlango wa ghuba yetu ulikofunguka. Mawimbi yakaingia. Na hatua kama arobaini kutoka ufukoni nikaona mstari mweupe. Ukapotea. Ukaja tena, palepale.

Nilimshika mjomba mkono. Ni mvuvi, ziwa analijua kama mfuko wa shati lake.

"Mjomba, pale chini kuna mwamba!"

Akatazama. "Si mwamba," akasema. "Ni nganda."

Ilikuwa ile ya Papa aliyetajwa na mama kwenye simu, ukuta wa mawe na saruji wa kimo cha kifua, ambao Mei ulikuwa chini mno kumkwaza mtu na sasa ulikuwa umekaribia uso wa maji. Kila nililofundishwa Paje lilikuwa pale: kitu kigumu, kisichohama, maji mafupi, wimbi linalojikwaa mahali pamoja. Panafaa watu wa kati. Mwamba karibu.

Kulikuwa na matatizo madogo ya vifaa. Nta ya kupaka juu ya ubao ili miguu isiteleze hatuna, nikanunua mishumaa sita dukani, na mwenye duka akaniuliza mkesha uko kanisa gani. Kamba ya kufunga ubao mguuni ilishakatika, nikatumia ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kaptula nilivaa ile ya Paje, iliyolegea kiunoni tangu mama apunguze ugali.

Sikutangaza. Lakini Baraka haihitaji tangazo. Nilipofika kulikuwa na waliokuja kufua, madereva wa pikipiki waliozima injini zao, wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, na watoto ambao hesabu yao siijui kwa sababu hawakusimama mahali pamoja. Nikalala kifudifudi juu ya ubao, nikaanza kupiga makasia kwa mikono.

"Yaya!" mvuvi mmoja akaniita kwa upole. "Boti iko. Tukupeleke?"

Jambo moja sikulipigia hesabu. Maji ya chumvi hukubeba. Maji baridi hukuachia kazi yako. Tofauti ni ndogo kwenye vitabu, ila mtu mwenye ubao uliopasuka ubavuni huiona. Nilielea huku nusu nimezama, kidevu kikigusa maji, nikifanana, kama nilivyoambiwa baadaye, na mamba aliyefilisika. Tena mawimbi ya bahari husafiri mbali na kuja kwa nafasi, moja, unapumua, lingine. Ya ziwa yamezaliwa jana na upepo wa karibu, yanakuja yamesukumana kama watoto wa shule kengele ya kwenda nyumbani ikilia. La kwanza lilinipita. La pili lilinipiga. La tatu sikuliona, nilikuwa bado nalishughulikia la pili.

La nne lilinichukua.

Nilisimama. Naapa mbele ya watu wa Baraka, nao ni mashahidi: nilisimama. Watoto wakaanza kuhesabu kwa pamoja, "Moja! Mbili! Tatu!" Nikanyoosha mikono. Nikawaona shangazi, mjomba, paka wawili. Nikafikiria kwamba saba ya Paje leo naivuka.

Nne haikutajwa. Pezi la ubao likaingia kwenye ufa wa ukuta, ubao ukasimama kama punda, mimi nikaendelea. Nilipita juu ya nganda yote kwa tumbo, na mahali fulani katika safari hiyo nondo iliyochomoza ikaishika kaptula yangu na kukataa kuiachia. Nilipoibuka upande wa pili, maji kiunoni, nikageuka kuitazama. Ilikuwa imebaki kwenye nondo, inapepea.

Ufuko mzima ukanyamaza. Kisha sauti ya mtoto: "Bendera!"

Nikachuchumaa hadi shingoni. Na hapo, kama ilivyo kwa wadai wote wanaojua saa yao, akaja mwenye ukuta. Aliingia majini na suruali yake iliyokunjwa hadi magotini, fimbo mkononi, akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, unacheza juu ya nyumba ya mutu."

"Papa, shikamoo. Hili ni ziwa."

"Ziwa ni ya Mungu. Ukuta iko yangu. Ile mayi inapitaka tu, haina shida na mutu. Ikifika kwa ukuta yangu ndiyo inavunjika. Toa ukuta: wimbi iko?"

Sikuwa na jibu. Ni somo lilelile la mchangani Paje, ila huyu alikuwa amelisoma kwa kulipia mawe na saruji.

"Basi wimbi ni yangu," akamalizia. "Faranga elfu mbili."

"Kwa siku?"

"Kwa wimbi."

Nimezaliwa sokoni, najua kupatana. Lakini kupatana kunataka mtu awe na uwezo wa kuondoka, na mimi sikuwa na uwezo huo. Nilimwomba tuzungumze ufukoni. Akasema hapa panatosha. Nikasema elfu moja, akatazama kaptula yangu pale juu, akasema elfu mbili. Nikauliza kama wimbi la kuanguka nalo linalipiwa. Akafikiri kwa haki, maana ni mzee wa haki, akasema la kuanguka ni nusu. Nikakubali yote. Ningekubali na zaka.

Shangazi akanirushia kitenge. Nilipokuwa najifunga, nikashika jiwe kwa mguu nisiteleze, na mzee akanionyesha kwa fimbo.

"Pale ulipita ni kaunta," akasema. "Hapa umesimama ni choo."

Nilikuwa nimekunywa maji hapo, si mara moja.

*

Nililipa wiki ya kwanza. Ya pili nikaanza kuandikisha deni, kwenye daftari lake la zamani la bia ambalo aliliokoa kwenye mafuriko na lenye majina ya watu wengi kuliko mimi. Watoto nao walikuja na vipande vya mbao za mitumbwi iliyokufa, bila nta, bila kamba, bila pezi la kukwama. Walikuwa wakiyapanda mawimbi ya ziwa kwa tumbo tangu kabla sijajua Paje iko wapi. Siku mbili walinitazama mimi, ya tatu wakasimama. Msichana mmoja mwembamba, wa miaka tisa hivi, aliupita ukuta wote na kuendelea hadi mchangani, akashuka kama anayeshuka ngazi za kanisa. Akanijia.

"Yaya, we unaangaliaka miguu. Miguu haipotee."

Nikaenda kwa mzee kulalamika. Kwa nini wao hawalipi?

"Wale wadogo wanajifunza," akasema, "mwanafunzi simudai. Ule binti ni fundi, naye simudai, anapendezesha fasi yangu." Akafungua daftari. "Wewe uko kati."

Ziwa likaendelea kushuka. Mwisho wa mwezi kaunta ilikuwa imetokeza vya kutosha kunguru wangu kuikalia, na wimbi likawa linapiga kelele tu bila kusimama. Asubuhi moja nikamkuta mzee na wanawe wawili majini, na nyundo na mitaimbo. Walikuwa wanabomoa. Amepata kiwanja juu, akasema, karibu na barabara, ambako maji yakimfuata tena basi yatakuwa yamekuja kwa sababu binafsi. Mawe ni yaleyale, hawezi kununua mengine. Akanyamaza akiutazama ubao wangu kwapani.

"Hiyo meza yako inaelea na mawe mangapi?"

Inaelea na manne makubwa, matano ukiyapanga katikati. Tuliyasukuma hadi ufukoni, mimi upande mmoja na mwanawe upande mwingine, msichana yule akitembea mbele kutuonyesha penye kina. Mzee alikaa kwenye jiwe na daftari lake. Nilikuwa nimebakiza mawimbi kumi na moja, ya kuanguka yakiwa yamekwisha kubadilishwa kuwa mazima, na alikubali kunikatia mawili kwa kila safari. Kabla ya jua kuwa kali tulikuwa tumemaliza ya sita, na kwa hesabu ya daftari, alikuwa ananidai sifuri na mimi namdai wimbi moja.